Siku Asiyoikumbuka Binti Yangu

Ilikuwa baada ya tarawehe, katika wiki ya kwanza ya Ramadhani iliyopita, binti yangu alipokuja kuketi ukingoni mwa kitanda changu bila kusema neno. Ana miaka 14, yuko kidato cha pili, na ni mtoto wa maneno machache. Akija kukaa karibu nawe kimya hujui kama amekuja kuomba fedha ya daftari au amekuja kulia. Safari hii alikuwa na swali.

"Mama, ile video ya tende bado unayo?"

Nilicheka. Nikamwambia ninayo, na kwamba ndugu zangu wangeniandama kama ningethubutu kuifuta. Yeye hakucheka.

Video yenyewe haifiki hata dakika moja. Anaonekana mtoto wa miaka 6, ushungi umemwendea upande, amejibanza nyuma ya mlango wa jiko na shavu limetuna. Nyuma yake kuna makelele ya jikoni ya alasiri ya Ramadhani, sufuria na watu wanaosemezana. Sauti yangu inauliza, "Unakula nini?" Anatikisa kichwa. Nasogeza simu karibu. "Hebu fungua mdomo." Anafungua, tende inaonekana, na machozi yanaanza kumbubujika huku akisema, "Nilisahau, mama, nilisahau." Kisha kinasikika kicheko changu, na picha inakatika. Ilikuwa funga yake ya kwanza.

Siku hizo nilikuwa nimenunua simu janja yangu ya kwanza yenye kamera ya maana, na kama walivyo wengi waliopata simu mpya, kila kilichopita mbele yangu nilikipiga picha. Saa ileile niliirusha video katika kundi la ukoo. Jamaa wa Tanga, wa Unguja, wa Mombasa na mdogo wangu aliyeolewa Muscat wakajibu kwa vicheko. Tangu hapo, kila Ramadhani ikiandama, yupo mtu wa kuirudisha, na sote hucheka upya kana kwamba ndiyo kwanza tunaiona. Mwaka huu binamu yake mmoja aliiweka kwenye WhatsApp mahali ambapo wote wenye namba yake huweza kuiona. Mwanafunzi mwenzake akaiona. Kufikia Jumatatu ilikuwa imekatwa na kufanywa stika: uso wa mtoto analia, tende mdomoni, na neno moja chini yake, "Nilisahau." Mwalimu akiuliza nani hajamaliza zoezi, sauti hutoka nyuma ya darasa kutaja neno hilo, na darasa zima hugeuka kumtazama binti yangu.

Nilimwambia yatapita. Nilimwambia pia kuwa ni kumbukumbu nzuri ya utoto wake na siku moja ataifurahia. Hapo ndipo aliponijibu kwa maneno ambayo nimekaa nayo tangu usiku ule:

"Lakini mimi siku ile siikumbuki, mama. Ninachokumbuka ni video. Nikijaribu kuikumbuka Ramadhani yangu ya kwanza najiona kwa nje, kama unavyoniona wewe kwenye simu. Sijioni mimi mwenyewe nikiwa ndani."

Ndugu msomaji, mimi ni mwalimu wa sekondari, na mwalimu akishindwa kumjibu mtoto hukimbilia vitabu. Nikaanza kusoma waliyoandika wanasaikolojia kuhusu kumbukumbu za mtu binafsi, yaani zile zinazomwezesha mtu kusema "mimi nilikuwapo, na ilikuwa hivi." Sikutarajia kwamba ningejikuta humo kila ukurasa.

Tumezoea kuidhania kumbukumbu kuwa kasha: unaweka kitu, unafunga, na siku unayotaka unafungua na kukikuta kama ulivyokiacha. Mwanasaikolojia wa Uingereza Frederic Bartlett alionyesha tangu mwaka 1932 kuwa sivyo. Aliwapa watu kusoma ngano ya wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini, kisha akawataka waisimulie tena baada ya muda. Kila waliporudia, ngano ilibadilika. Yaliyokuwa mageni kwao yalitoweka, na yaliyobaki yakachukua sura ya mambo waliyoyazoea. Hata mtumbwi ukageuka kuwa mashua. Kukumbuka, alisema Bartlett, ni kujenga upya, na mjenzi hutumia vifaa vilivyo karibu naye.

Sasa fikiria kifaa kilicho karibu zaidi kikiwa ni picha iliyo mfukoni mwa kila mtu. Mwaka 2002 watafiti wa New Zealand na Canada walichapisha matokeo ya jaribio lililowahusu watu wazima 20. Kila mmoja alionyeshwa picha yake ya utotoni akiwa ndani ya kikapu cha puto kubwa la hewa ya moto, lile liinualo watu angani. Picha hiyo ilikuwa ya kughushi. Jamaa zao walikwisha kuthibitisha kuwa safari kama hiyo haikuwahi kufanyika. Baada ya kuhojiwa mara tatu, nusu yao walikuwa wameanza kuikumbuka safari isiyokuwapo, kwa ukamilifu au kwa sehemu. Hawakuwa waongo watu wale. Walionyeshwa ushahidi wa maisha yao, na akili zao zikafanya kazi ya kujenga.

Video ya binti yangu haikughushiwa. Kila kilichomo kilitokea. Lakini ina mwanzo na mwisho niliouchagua mimi: inaanza kwenye tende na kuishia kwenye machozi, na huo ndio ukuta ambao mtoto ameujengea siku nzima.

Yaliyofuata baada ya picha kukatika nayakumbuka hivi. Mama yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa jikoni akikuna nazi. Alinyanyuka kwenye mbuzi, akanawa mikono, akamtoa mtoto nyuma ya mlango. Alimwambia asukutue kinywa, kwa kuwa aliyekula kwa kusahau funga yake haijavunjika. Ni masala ambayo kila mtoto wa madrasa hufunzwa na ambayo mimi mama yake, mwenye simu mkononi, sikuyakumbuka kwa wakati ule. Akamkalisha mkekani, akampa ungo wa mchele auchambue mawe ili saa zipite. Mtoto akachambua mchele hadi akasinzia juu ya ungo, akaamka, akaendelea. Aliifikisha funga yake Maghribi, akafuturu na bibi yake sahani moja. Katika nyumba ile ya watu tisa, hakuna aliyesifiwa jioni ile kuliko yeye.

Hayo sikuyapiga picha. Nilikuwa nimeshughulika kuwajibu waliokuwa wakicheka.

Na kuna jambo jingine, ambalo nililiona baada ya miaka 8 kupita. Ukoo mzima ulimwona mwongo mdogo aliyefumaniwa. Hakuna hata mmoja, na wa kwanza ni mimi, aliyewaza kwamba huenda mtoto alisema kweli. Mtoto wa miaka 6 aliyezoea kuchukua tende kabatini kila alasiri husahau kwa wepesi kabisa kwamba leo anafunga. Sikumwuliza siku ile. Nilipomwuliza mwaka huu, alinijibu kuwa hajui. Yeye naye amezoea kucheka na wengine, na sasa hawezi kutofautisha anachokijua na anachokiona.

Kaka na dada

Nina mtoto mwingine, wa kiume, mwenye miaka 17. Naye ana video yake katika kundi lilelile la ukoo: akiwa golini, katika mechi ya madrasa na madrasa, anaruka kuudaka mpira na kujigonga kwenye mwamba wa goli huku mpira ukipita polepole katikati ya miguu yake. Video hiyo ni ya fedheha kuliko ya dada yake mara kumi. Yeye ndiye anayeisambaza. Kila akipata rafiki mpya humwonyesha kwanza yeye mwenyewe, na wakicheka hucheka kuwashinda.

Mama mmoja, nyumba moja, simu moja. Lakini kilichokuwa tunu kwa mmoja kikawa mzigo kwa mwenzake. Wazazi tulio wengi tukiona hivyo humlaumu aliyeumia: mbona kaka yako hajali? Nami nimewahi kusema hivyo, tena mbele ya wageni.

Wanasaikolojia wanaochunguza hulka za watu wamekubaliana kwa kiasi kikubwa juu ya mihimili mitano ambayo kwayo mtu mmoja hutofautiana na mwingine: udadisi wa fikra, umakini katika wajibu, uchangamfu mbele za watu, ukunjufu wa moyo, na wepesi wa kuingiwa na wasiwasi. Kila mtu anayo yote matano, kila mmoja kwa kipimo chake, na sehemu ya kipimo hicho huzaliwa nacho. Mwanangu wa kiume amejaaliwa uchangamfu mwingi na wasiwasi mdogo. Dada yake ni kinyume chake: hufikiri kabla ya kusema, hulala na neno aliloambiwa asubuhi, na hupenda kuchagua mwenyewe nani amwone na kwa hali gani. Zamani mtoto wa hulka hii alikuwa na pa kujisitiri. Hakwenda ngomani, alikaa chumbani, alijulikana na watu kumi naye akaridhika. Leo sisi jamaa zake tunampeleka ngomani akiwa amelala.

Wako wanaosema kwamba mitandaoni kila mtu huvaa sura isiyo yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010, uliowahusisha watumiaji 236 wa mitandao ya kijamii nchini Marekani na Ujerumani, ulikuta picha nyingine kabisa. Watu wasiowajua kabisa wenye kurasa hizo walipozitazama, hisia walizopata zilielekea kwenye hulka halisi ya mwenye ukurasa zaidi ya hulka aliyotamani kuwa nayo. Kwa maneno mengine, tunaonekana tulivyo, hata tunapodhani tumejipamba. Alama za kupenda tunazobofya kwa kidole bila kufikiri husema mengi zaidi. Mwaka 2015 watafiti waliotumia taarifa za watu zaidi ya 86,000 waliojitolea kwenye Facebook walilinganisha makadirio ya kompyuta na makadirio ya watu wanaomfahamu mhusika. Kompyuta ilipopewa alama 10 za kupenda ilimkadiria mtu vizuri kuliko mfanyakazi mwenzake wa kawaida. Kwa alama 70 ilimpita rafiki, kwa 150 ikampita ndugu wa familia, na kwa takriban 300 ikafikia kiwango cha mume au mke.

Nilipoisoma hiyo nilifunga kompyuta nikaenda kuanika nguo. Kwa muda wa miaka 14 nilijihesabu kuwa namjua binti yangu.

Elimu hiyo haikukaa kwenye makabati ya vyuo. Mwaka 2018 ilibainika kwamba taarifa za watu wanaofikia milioni 87 zilichotwa Facebook na kuifikia kampuni ya Cambridge Analytica ya Uingereza, iliyojinadi kwamba huweza kumpima mpiga kura hulka yake na kumtumia ujumbe unaolingana nayo. Mkuu wake mmoja alirekodiwa kwa siri na kituo cha televisheni cha Channel 4 akijigamba juu ya kazi waliyofanya katika chaguzi za Kenya za mwaka 2013 na 2017. Kampuni ile ilikwisha kufungwa, na kama kweli ilikuwa na uwezo iliodai ni jambo ambalo wataalamu wanalitilia shaka hadi leo. Nalitaja kwa sababu wazazi wengi hudhani kuwa jambo la kifamilia likirushwa mtandaoni hubaki kuwa la kifamilia.

Kupiga picha na kusimulia

Nirudi kwenye kumbukumbu, maana hapo ndipo palipo na jambo ambalo lilinichanganya kwanza kisha likanifumbua macho.

Mwaka 2014 Linda Henkel wa Chuo Kikuu cha Fairfield, Marekani, alichapisha utafiti ambao wanafunzi walitembezwa katika jumba la makumbusho. Vitu vingine waliambiwa wavitazame tu, vingine wavipige picha. Siku iliyofuata walivikumbuka vizuri zaidi vile walivyovitazama bila kamera. Ni kana kwamba akili humwachia mtumishi kazi: simu imeshaweka, mimi ya nini? Hata hivyo, waliposogeza kamera karibu na sehemu moja ya kitu, hasara hiyo haikuonekana, kwa kuwa ilibidi wakitazame kweli. Miaka minne baadaye watafiti wengine waliwapeleka watu kutembea katika kanisa la Chuo Kikuu cha Stanford, wengine wakiwa na kamera na wengine mikono mitupu. Waliokuwa na kamera walifurahia matembezi yao sawa na wenzao, lakini walipoulizwa maswali juu ya walichokiona, walikumbuka kidogo zaidi.

Hili halikunishangaza. Idi ya mwisho ya mama yangu nilipiga picha zaidi ya 200. Ninakumbuka kuzipiga. Ninakumbuka kumwambia asogee kwenye mwanga. Lakini tulizungumza nini siku ile, mimi na yeye, sina hata sentensi moja.

Kilichonichanganya ni utafiti wa Qi Wang wa Chuo Kikuu cha Cornell, uliotoka mwaka 2016. Yeye aliwataka wanafunzi 66 waandike shajara ya matukio ya kila siku kwa muda wa wiki moja, na waonyeshe ni yapi waliyoyaweka mitandaoni. Walipopimwa baadaye bila kutarajia, yale waliyoyaweka mitandaoni ndiyo waliyoyakumbuka zaidi, hata pale ambapo tukio lenyewe halikuwa na uzito mkubwa. Je, simu inaua kumbukumbu au inaihuisha?

Niliusoma mara ya pili ndipo nikaelewa. Wale wa makumbusho walibofya. Hawa wa Cornell walisimulia. Mtu anayekaa chini akaandika nini kilimtokea, nani alikuwapo na aliona nini moyoni, amelipitia tukio upya na kulipangia maneno, na hilo humganda. Kupiga picha mia mbili na kuzirusha kundini ni kuhamisha mzigo tu.

Lakini usimuliaji nao una upande wa pili. Watafiti wa kumbukumbu wamethibitisha tangu miaka ya 1990 kwamba ukikumbuka sehemu ya jambo mara kwa mara, sehemu zilizohusiana nayo ambazo hukuzigusa huzidi kudidimia. Watu wawili wanaozungumza pamoja huweza hata kusahaulishana: msimuliaji akiruka jambo, msikilizaji aliyekuwapo naye hupotewa nalo. Kila Ramadhani ukoo wetu ulisimulia tende. Hakuna aliyesimulia ungo wa mchele. Ungo ukafifia, kwa mtoto kabisa, na kwangu mimi karibu kabisa. Nilipomweleza kaka yangu habari hizi alisema mama siku ile hakuwa akikuna nazi, alikuwa akichoma kaimati, na kwamba aliyempa mtoto ungo ni yeye. Tumebishana na hatujaafikiana.

Wanawake wazee wa pwani wasingehitaji maabara kulijua hili. Robyn Fivush na Katherine Nelson, wanasaikolojia wa Marekani walioandika mengi juu ya kumbukumbu za utotoni, wanaeleza kwamba mtoto hujifunza kuyakumbuka maisha yake kwa kuyazungumza na mkubwa. Mama anayeuliza, "Tulipokwenda kwa bibi tulimkuta nani? Kisha ikawaje? Wewe uliogopa?" na kungoja jibu, mwanawe hukua na kumbukumbu nyingi na zenye mpangilio kuliko mtoto ambaye huulizwa tu, "Unakumbuka? Ndiyo au hapana?" Huko New Zealand, watafiti walikuta kwamba Wamaori, watu wanaothamini sana masimulizi ya ukoo, walikuwa na kumbukumbu za awali kabisa zinazotangulia za wenzao wa asili nyingine.

Kwetu kazi hii ilifanywa barazani na mkekani, umeme ukikatika. Bibi alimsimulia mtoto habari za mtoto mwenyewe: siku uliyozaliwa mvua ilikuwaje, ulivyomkimbia kinyozi, ulivyoificha sandarusi ya wakubwa. Masimulizi yale nayo yalikuwa ya kuchekesha, tena pengine ya kuaibisha. Lakini mtoto alikuwapo, aliweza kukanusha, na bibi aliutazama uso wake na kujua pa kuishia.

Nani ana haki ya kufuta

Sheria zetu zimeanza kulitazama jambo hili. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023 na kuunda Tume ya kuisimamia. Kenya ilitangulia mwaka 2019, na mwaka 2023 mamlaka yake ya ulinzi wa data iliitoza shule moja faini ya shilingi za Kenya milioni 4.55 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Naunga mkono, ingawa nilitabasamu kwa uchungu niliposoma maneno "bila idhini ya wazazi." Kwa binti yangu, mzazi ndiye aliyerusha.

Nilifuta video kwenye simu yangu usiku uleule. Nikaandika katika kundi la ukoo kwa maneno ya heshima, nikieleza yaliyomkuta mtoto shuleni, nikaomba kila aliyenayo aifute. Wengi walijibu vizuri na baadhi waliomba radhi. Mjomba mmoja aliuliza kama siku hizi watoto wameshakuwa watu wa kuombwa ruhusa. Sikumjibu kundini, nilimpigia, na mazungumzo yale yabaki kuwa yetu.

Shuleni nilikwenda pia. Mwalimu wa darasa alilichukulia kwa uzito, stika zikapungua. Haziwezi kwisha, najua.

Aliyekataa kufuta ni mdogo wangu wa Muscat. Hakukataa kwa jeuri. Alinipigia saa sita za usiku kwao, akilia, akaniuliza kama nimewahi kuisikiliza ile video. Nikamjibu kuwa nimeitazama mara mia. "Sikukuuliza kutazama," akasema. "Fumba macho usikilize. Ni mama." Nilikuwa nimekwisha kuifuta, ikabidi anitumie yeye. Niliiweka sikioni. Chini ya sauti yangu, chini ya kilio cha mtoto na mlio wa sufuria, ipo sauti ya mama yetu ikisema maneno mawili. Katika picha zangu zile 200 za Idi hakuna sauti. Mama hakupenda kurekodiwa. Akiona simu hunyamaza. Mdogo wangu hakuwahi kurudi nyumbani kabla ya mama kutangulia mbele ya haki, na kwa miaka mitano sasa amekuwa akiifungua video ile kwa ajili ya maneno hayo mawili.

Sikujua niseme nini. Mtoto ana haki ya kusahauliwa kosa lake, kama lilikuwa kosa, na mdogo wangu ana haki ya sauti ya mama yake, na vyote viwili vimo ndani ya sekunde zilezile. Mwisho wa Desemba 2014, mtandao mmoja mkubwa ulimletea baba mmoja wa Marekani picha ya bintiye mdogo aliyefariki mwaka huohuo, imezungushiwa michoro ya watu wanaocheza, kama kumbukumbu ya mwaka wake uliopita vyema. Mashine haikukusudia ubaya, haikujua tu. Sisi tunajua, na bado hatukuweza kuamua kirahisi.

Nikaona aamue mwenyewe binti yangu. Siku ya pili alasiri nilimweleza yote, ya ungo, ya mchele, ya sahani moja na bibi, na ubishi wangu na mjomba wake. Alisikiliza bila kunikatiza, isipokuwa mahali pamoja aliuliza kama bibi alicheka. Nikamwambia sikumbuki kama alicheka. Kisha nikamweleza habari ya sauti.

Alinyoosha mkono, nikampa simu. Aliilaza kifudifudi juu ya godoro, uso wa kioo chini, akaibonyeza ianze kwa kupapasa, akainamisha sikio. Alisikiliza mara tatu.

"Anasema, 'Mwacheni mtoto,'" akasema.

"Ndiyo."

Alikaa kimya, kama kawaida yake. Mlango wa pili jirani walikuwa wakitwanga kitu kwa ajili ya futari.

"Mama Mdogo akate picha, abaki na sauti," akasema hatimaye. "Na mimi anitumie." Alikuwa amekwisha kusimama, yuko mlangoni, alipogeuka tena. "Alikuwa anamwambia nani?"

"Mimi," nikamjibu.